Oili ya injini inapanda joto kwenye ndege uliyojijengea? Anza na sufuria ya maji ya moto, rejeta kubwa baadaye

Oili ikianza kupanda joto, wengi wetu tunatoa hela kwanza, tunafikiri baadaye. Mi nilinunua rejeta, kile kipozaji cha oili kinachopitiwa na hewa, kubwa zaidi. Wikiendi nzima nakata mipira ya oili, natengeneza kishikizo kipya, natoboa, nafunga, nikaruka, joto likashuka nyuzi 2. Mbili tu! Rejeta ya zamani haikuwa na kosa lolote, hewa ndo ilikuwa inapita kila sehemu isipokuwa kwenye rejeta, na hilo ningelijua bure kwa tochi. Kwa hiyo mpangilio ninaouandika hapa unaanza na vitu visivyo na gharama, rejeta inakuja mwisho, na ukiufuata kuna uwezekano mkubwa hutafika huko kabisa.

Kwanza tukubaliane moto ni upi. Injini nyingi za Lycoming za silinda 4 mwisho wake ni nyuzi 118 za Selsiasi, yaani 245 za Farenhaiti. Continental O-200 ni 107, yaani 225. Rotax 912 UL inaruhusiwa mpaka 140, na ile 912 ULS mpaka 130. Hiyo ndo mistari myekundu, wala usiifanye makao. Lycoming inakaa vizuri kwenye 82 mpaka 95 hivi, Rotax kati ya 90 na 110. Halafu usitafute ubaridi kupita kiasi, manake oili isipopata moto wa kutosha ule unyevu unaozaliwa na mwako unabaki ndani, unageuka asidi, kutu inaanza kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali. Ndo maana wenye Rotax wanaambiwa oili ifike 100 walau mara moja kila siku ya kuruka.

Hesabu moja ya haraka ambayo watu wanaisahau: joto la nje likipanda nyuzi 1, oili nayo inapanda karibu nyuzi 1. Sasa we umeruka asubuhi, nje nyuzi 15, oili inasoma 95, unarudi chini unatabasamu. Siku nje ikifika 38 umeongeza 23, na 95 ukijumlisha 23 ni 118, yaani umefika kwenye mstari mwekundu wa Lycoming na hujagusa kitu. Kwa hiyo kila mara unapoandika joto la oili andika na joto la nje pembeni yake, bila hivyo namba zako hazilinganishiki.

Sasa sufuria. Chomoa sensa ya oili ila waya uuache umeungwa kwenye geji ya kwenye ndege, chemsha maji, tumbukiza ncha ya sensa kwenye maji yanayotokota, angalia geji inasema nini. Usawa wa bahari maji yanachemka kwa 100, ukipanda juu inapungua kama nyuzi 1 kila mita 300, kwa hiyo ukiwa mita 1500 tegemea 95 hivi. Kama sensa yako ni ya waya mmoja, mwili wake ndo unashika athi kwa kujifunga kwenye injini, ukishaichomoa hakuna athi tena, itabidi uunge waya kutoka mwili wa sensa mpaka kwenye injini, la sivyo utasoma upuuzi na utalaumu geji bure. Chovya pia kwenye maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kipimajoto cha kawaida, sababu geji zingine zinakuwa sawa kwenye 100 na kudanganya kwenye 60, au kinyume chake.

Ukiwa hapo hapo washa taa zote, washa redio, fanya chaji ipande na kushuka, uone kama mshale unacheza. Oili haiwezi kupanda nyuzi 6 kwa sekunde moja kisa umewasha taa ya kutua. Mshale ukiruka hivyo tatizo lako ni athi mbovu, na dawa yake ni kusugua sehemu ya kufungia waya mpaka chuma king'ae, basi, umemaliza.

Geji ikishathibitika kwamba inasema ukweli, soma vitu vitatu kwa pamoja: joto la oili, presha ya oili na joto la vichwa vya silinda. Hapa ndo pana majibu mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Oili ikipanda na vichwa vya silinda vikipanda pamoja, hewa ya injini nzima haitoshi, au injini yenyewe inatoa moto kupita kawaida. Oili ikipanda peke yake na vichwa viko baridi zao, shida iko kwenye njia ya oili au kwenye hewa ya rejeta tu. Joto likipanda huku presha inashuka haraka, hapo usiendelee kusoma, shuka chini kwanza, hayo mengine tutaongea ukiwa ardhini.

Njia ya oili ina mlango mmoja ambao watu wanausahau, thamostati. Kwenye Lycoming ni kile kidude kinaitwa Vernatherm. Oili ikiwa baridi kinaacha njia ya mkato wazi, oili inaruka rejeta. Ikipata moto, kwenye nyuzi 85 hivi, kinarefuka na kukaa kwenye kiti chake, njia ya mkato inafungwa, oili yote inalazimika kupita kwenye rejeta. Sasa kile kiti kikiliwa upande mmoja, au kidude kikikaa upande, njia ya mkato haifungi vizuri na sehemu ya oili inaendelea kukwepa rejeta hata ikiwa ya moto. Hapo hata ufunge rejeta ya lori haisaidii. Kifungue, angalia ile koni: unatakiwa uone pete ya alama ya kugusana imezunguka yote bila kukatika. Pete ikiwa nusu mwezi umemkamata mwizi. Halafu kitumbukize kwenye sufuria yako (ndo maana niliita sufuria, inafanya kazi mbili), pima urefu wake maji yakiwa nyuzi 65, pima tena kwenye 85, kinatakiwa kirefuke milimita 4 hivi. Kisiporefuka kitupe. Wakati wa kurudisha weka washa (ile pete ya kuziba) mpya na ufunge kwa nguvu iliyoandikwa kwenye manyuali, usikisie kwa mkono, na waya wa usalama usiusahau.

Kujua kama oili inapita kwenye rejeta ama haipiti kuna stika ndogo zinazobadilika rangi zikifika joto fulani na hazirudi tena. Bandika moja kwenye kiungio cha oili inapoingia rejeta na nyingine inapotoka, ruka, shuka, soma. Zote mbili zikionyesha joto karibu sawa na liko juu, oili inapita vizuri ila hewa haiondoi kitu. Ya kutokea ikiwa baridi sana na geji ndani bado inalia, oili inayopita ni kidogo mno, rudi kwenye thamostati. Zote mbili baridi? Hakuna kinachopita, rejeta imeziba au ina hewa juu. Hii ya hewa inatokea sana rejeta ikifungwa viungio vikiangalia chini, hewa inajikusanya sehemu ya juu haina pa kutokea na sehemu nzima ya rejeta inakuwa haina kazi. Igeuze viungio viwe juu, au kama vimekaa ubavuni oili iingie chini itokee juu.

Wenye Rotax mna lenu. Kwenye 912 pampu ndo inavuta oili kutoka kwenye tanki kupitia rejeta, kwa hiyo kila kona kali, kila kiungio chembamba, kila mpira laini unaoweza kujibana, pampu inauhisi. Mpira unaweza kuonekana mzima kabisa kwa nje na ndani umenyonywa ukabanana oili ikiwa ya moto. Baada ya kufungua mfumo wowote wa oili toa hewa kama manyuali inavyoelekeza kabla ya kuwasha, na usizungushe propela kinyume, unaingiza hewa mwenyewe.

Haya, sasa hewa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kilichonila mimi miezi.

Hewa haipiti kwenye rejeta kwa sababu rejeta iko pale na upepo upo. Inapita kwa sababu presha mbele ya rejeta ni kubwa kuliko presha nyuma yake, basi. Ganda la injini, kaulingi, linafanya chumba cha presha juu ya silinda, na zile bati na raba zinazozunguka injini zinazuia hewa isishuke chini ovyo. Kila tundu unaloliacha ni hewa iliyokimbia kutoka chumba cha juu kwenda cha chini bila kufanya kazi, na mbaya zaidi ikifika chini inapandisha presha ya chini, kwa hiyo umepoteza mara mbili.

Subiri usiku au zima taa zote bandani. Weka taa ndani ya kaulingi upande wa chini, funga kaulingi yote, halafu chungulia kwenye matundu ya mbele ya kuingizia hewa. Mi nilipochungulia niliona kama nyota. Mwanga ulikuwa unatoka pale nyaya za plagi zinapopita, pale bati linapokutana na kasha la injini, na upande wa nyuma kushoto kulikuwa na mwanya unaoingiza kidole, urefu wa kiganja, mahali ambapo mchana hupaoni kabisa kwa sababu jicho halifiki. Huo mwanya ulikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye mdomo wa rejeta. Yaani hewa ilikuwa inaletwa mpaka mlangoni kwa rejeta halafu inapewa njia ya kutorokea. Nilijaza matundu yote kwa silikoni nyekundu ile ya joto kali, mwanya nikaufunga kwa kipande cha bati na raba, oili ikashuka nyuzi 11 joto la nje likiwa lile lile. Rejeta kubwa, nyuzi 2. Silikoni, nyuzi 11.

Raba za pembeni nazo zina ushahidi wake. Fungua kaulingi ya juu igeuze, tazama ndani: raba inapogusa inaacha mstari mweusi. Mstari unatakiwa uende bila kukatika kutoka upande hadi upande. Ukikatika, hapo raba haigusi, au inagusa ukiwa chini na presha ikija angani inajikunja kwenda nje. Raba zote zikunjwe kuelekea ndani na mbele, ili presha yenyewe izisukume kwenye kaulingi.

Baada ya hapo mdomo wa rejeta. Kama rejeta yako imefungwa kwenye bati la nyuma ya silinda, angalia umbali kati yake na silinda iliyo mbele, ikiwa imebanana sana hewa haipati nafasi ya kugeuka iingie, na nusu ya uso wa rejeta inakaa bure. Hapo hapo kagua bati lenyewe kama halina ufa, maana rejeta ni nzito na injini inatetemeka, liongezee bati la pili nyuma. Kama rejeta iko kwenye fayawoli, ule ukuta kati ya injini na rubani, na inaletewa hewa kwa mpira, ukubwa wa mpira ni jambo zito kuliko unavyodhani: wa milimita 100 una eneo karibu mara 1.8 ya wa milimita 75. Kona ziwe za taratibu, mdomo pale mpira unapoanzia uwe umekunjwa mviringo kama tarumbeta, na kabla ya rejeta weka boksi linalopanuka polepole, sio mpira unagonga katikati ya rejeta halafu pembe nne hazipati kitu. Na upande wa nyuma? Watu wanapamba mbele wanasahau nyuma. Hewa iliyotoka inatakiwa iwe na pa kwenda, rejeta ikitazama ukuta kwa karibu sana umeiziba mwenyewe.

Ukitaka uache kukisia, pima. Mpira mwembamba unaoona ndani, ukunje herufi U ubandike kwenye ubao wenye rula, weka maji yenye rangi. Ncha moja ipeleke mbele ya rejeta, nyingine nyuma, kila ncha izibe mbele na utoboe vitundu vidogo pembeni ili upepo usiingie moja kwa moja ukakudanganya. Tofauti ya urefu wa maji ndo presha inayosukuma hewa. Funga simu irekodi, we endesha ndege, usikae unasoma rula angani. Kukupa picha, ukiwa usawa wa bahari kwa mwendo wa noti 120 (maili za baharini kwa saa) presha yote ya upepo ni kama milimita 240 za maji, na kwa noti 80 ni kama 106 tu. Ona hapo, mwendo umepungua theluthi moja, presha imepungua zaidi ya nusu, na mwendo huo mdogo ndo wa kupanda, wakati injini iko na nguvu yote. Hiyo ndo sababu joto la oili linapanda ndege ikiwa inapanda, wala hakuna uchawi.

Kama mbele pako sawa na bado tofauti ni ndogo, tatizo liko kwenye kutokea. Hewa ikipata moto inavimba, kwa hiyo tundu la kutokea chini lisiwe finyu, na ile kona kali ya chini ya fayawoli iwekee bati la mviringo hewa iteleze. Jaribio rahisi: weka kwa muda mdomo wa bati unaoinama chini pale kwenye ukingo wa kutokea, sentimita 2 au 3. Joto likishuka pote, oili na vichwa vya silinda, umepata jibu, utapoteza mwendo kidogo ila unajua cha kutengeneza. Tazama pia ekzosi inapita karibu na sampu (bakuli la oili chini ya injini) au mipira ya oili kiasi gani, kipande cha bati katikati yake chenye nafasi ya hewa pande zote kinafanya kazi kubwa kuliko sura yake.

Injini yenyewe nitaipitia haraka. Injini mpya inatoa moto zaidi masaa ya mwanzo kwa sababu ringi za pistoni bado zinajikalisha, usianze kukata kaulingi injini ikiwa na masaa matatu tu. Injini ya zamani ikianza kupandisha joto taratibu na inatupa oili kwenye mpira wa kupumulia, pima kompresheni, gesi ya moto inapita kwenye ringi na kuipikia oili kwenye kasha. Taimingi ya cheche za plagi ikiwa mbele kuliko iliyoandikwa kwenye kibati cha injini kila kitu kinapata moto. Mchanganyiko ukiwa na mafuta machache wakati wa kupanda kwa nguvu yote, vivyo hivyo. Kiwango cha oili kikiwa chini, oili kidogo inazunguka mara nyingi bila kupumzika. Na ukiwa na Lycoming IO-360 ya nguvu za farasi 200, jua ina vijitundu vinavyorushia pistoni oili kwa chini kuzipoza, lile joto linaishia kwenye oili, hiyo kweli inahitaji rejeta kubwa kuliko mwenzako mwenye 180. Hapo ndo mahali pekee nitakaponyamaza ukisema unanunua.

Ukiwa angani na mshale unapanda usisubiri mstari mwekundu. Shusha pua uongeze mwendo, ongeza mafuta kwenye mchanganyiko, punguza nguvu, fungua milango ya kaulingi kama unayo. Panda kwa ngazi, futi 1000 halafu nyoosha dakika chache. Chini ardhini geuza pua iangalie upepo na usikae unakoroma kusubiri zamu, zima kama foleni ni ndefu. Presha inashuka wakati joto linapanda, tafuta pa kutua sasa hivi.

Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati. Najua inaudhi, kaulingi ina skrubu nyingi na we unataka kuruka, lakini ukibadilisha raba, mpira na mdomo siku moja hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu. Ruka njia ile ile, mwendo ule ule, nguvu ile ile, andika.

Ukifanikiwa sana, msimu wa baridi utakuja na oili itagoma kufika 70. Wengine wanaziba sehemu ya rejeta kwa utepe wa aluminiamu, inafaa ila lazima uukumbuke siku ikipata joto. Mi niliweka kipepeo, kibati kinachozunguka kuziba na kufungua njia, ndani ya mpira wa hewa, navuta kwa kebo kutoka kwenye kiti. Springi nimeifunga upande wa kufungua, kebo ikikatika kinabaki wazi chenyewe, na kipepeo nimekitoboa matundu mawili ili hata kikifungwa kabisa rejeta ipate hewa kidogo isije oili ikaganda ndani yake.